Kavumu–Shabunda: safari ya dakika 40 iliyogeuka kuwa ya siku mingi

Ukiwa na simu na mega kidogo, unaweza kuuliza umbali kati ya viwanja viwili vyovyote vya ndege duniani. Andika Kavumu, andika Shabunda. Jibu linakuja mbele hujameza mate: karibu kilomita 168, kwa mustari ulionyooka. Ukigawanya kilomita hizo kwa mwendo wa ndege kubwa, kama programu mingi zinavyofanya, unapata dakika 13 za kuruka. Mama muchuruzi ambaye ameshinda siku tano akingojea nafasi, na magunia yake ya chumvi na sabuni yakiwa pembeni, akisomewa hizo dakika 13 atauliza kama ni za ndege ao za risasi.

Lakini swali lenyewe si la muchezo. Kwa wakaaji wa wilaya ya Shabunda, muda kati ya viwanja hivi viwili njo unaamua bei ya chumvi. Njo unaamua kama mugonjwa wa kupasuliwa atafika Bukavu akiwa muzima. Unaamua hata mulimaji atalima nini, ao kama ataacha jembe na kwenda kuchimba. Na tangu mwezi wa pili wa 2025, hesabu hiyo imevurugika kabisa.

Kilomita hazidanganyi, dakika njo zinadanganya

Umbali wenyewe ni wa kweli, na mutu anaweza kuuhesabu kwa kalamu. Uwanja wa Kavumu, kaskazini ya muji wa Bukavu, uko kwenye digrii 28.8 za mashariki. Shabunda iko kwenye digrii 27.3. Tofauti ni karibu digrii moja na nusu, na huku karibu na ikweta digrii moja inapata kilomita 111. Ongeza kwamba Shabunda iko chini kidogo upande wa kusini, na unaangukia kwenye 168. Marubani wanaandika maili 91 za baharini, ni kitu kile kile. Hakuna vita, hakuna mvua, hakuna minista anayeweza kuongeza ao kupunguza hata kilomita moja hapo.

Dakika ni habari ingine. Programu inawaza ndege ya jeti, yenye kukimbia karibu kilomita 800 kwa saa. Ndege ya namna hiyo haiwezi kutua Shabunda, kwa sababu kiwanja ni cha udongo. Zinazokwenda kule ni zile ndogo ambazo watu wa Kivu wanazitambua kwa mulio mbele hawajaziona: LET-410 iliyotengenezwa kule Chekoslovakia ya zamani, yenye viti 19, Antonov 28 yenye viti 17, na Cessna Caravan yenye injini moja. Mwendo wao ni kati ya kilomita 300 na 350 kwa saa. Gawanya 168 kwa 350, unapata dakika 29. Na hizo ni dakika za ndege ambayo tayari imekwisha kupanda na haijaanza kushuka. Ukiongeza kupanda, kutafuta njia na kujipanga mbele ya kiwanja, inakuwa dakika 35 mpaka 40. Ni mara tatu ya zile za simu.

Rubani anatafuta njia ju kuko milima. Kavumu iko mita 1,720 juu ya bahari. Shabunda, ndani ya pori kubwa kando ya mto Ulindi, iko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Na chini ya kilomita 20 toka Kavumu, upande ule ule ndege inakokwenda, umesimama mulima Kahuzi wenye mita 3,308, pamoja na ndugu yake Biega wenye mita 2,790. Ndege ndogo iliyojaa muzigo haiwezi kupanda mita 1,600 kwa njia fupi hivyo kama mutu anayepanda ngazi ya nyumba. Lazima izunguke kwanza ipate urefu, ao ipite kandokando ambapo milima imeinama. Mawingu yakikaa juu ya Kahuzi, na mawingu yanapenda kukaa pale, rubani mwenye akili anabaki chini na abiria wake wanarudi nyumbani.

Wakaaji wanajua ile milima inaweza kufanya nini. Tarehe 1 mwezi wa 9, 2008, ndege ya kazi za misaada iliyotoka Kisangani iligonga mulima karibu na Bukavu na watu 17 wakafa. Mwezi wa pili 2011, LET-410 iliyoruka kutoka Kavumu iligonga Biega, marubani wawili wakapoteza maisha. Mwezi wa 12, 2021, ndege ya mizigo iliyotoka Goma ilianguka karibu na Shabunda yenyewe, watu watano wakafa. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya umekataza makampuni ya ndege ya Kongo kuingia kwenye anga lake, ukisema serikali haisimamii usalama wa ndege inavyopaswa. Mutu wa Shabunda haendi Ulaya. Lakini ndege iliyokatazwa kule ni ile ile anayopanda yeye, na hana ingine.

Kuna pia jua. Kwenye viwanja vya udongo vya porini hakuna taa, ndege zinatua kwa macho ya rubani. Huku jua linazama karibu saa kumi na mbili za jioni, mwaka muzima, bila kubadilika sana. Asubuhi pori linatoa ukungu muzito, na mchana, wakati wa mvua, dhoruba inakuja bila kubisha hodi. Saa za kuruka zinazobaki ni chache. Ndege iliyochelewa Kavumu mpaka saa tisa kwa sababu ya gari la mafuta, mara mingi safari yake imekwisha siku hiyo. Dakika 40 zimekuwa siku moja na usiku wake.

Na ndege ndogo haina ratiba kama basi. Inaondoka ikijaa. Kama muzigo haujatosha inangojea, na kama mwenye muzigo mukubwa amefika na pesa taslimu, abiria aliyeandikwa jana anaombwa arudi kesho. Kwa hiyo mutu akiuliza safari ya Kavumu–Shabunda inamaliza muda gani, jibu la haki ni hili: dakika 40 hewani, na chini siku mbili, tano ao kumi.

Kinachoweza kupanda ndege na kisichoweza

Hapa njo kuko shina la maneno. Uzito wote wa LET-410 ya aina ya UVP-E, mbele ya kuruka, hauwezi kupita kilo 6,400. Ondoa uzito wa ndege yenyewe, ondoa marubani, ondoa mafuta ya kwenda na mara mingi ya kurudi pia, kwa sababu kule hakuna pompi. Kinachobaki kwa mizigo na watu ni karibu tani moja na nusu. Lori la kawaida, lile linalopakia mihogo kwenye njia za Kivu, linabeba tani kumi. Ili kubadilisha lori moja unahitaji safari sita ao saba za ndege, na kila safari inalipa mafuta, marubani, ushuru, vyombo vya kutengeneza, na kurudi.

Kwa sababu hiyo kila kitu Shabunda kinauzwa kwa kilo ya ndege. Chumvi ni muzito na ni ya bei rahisi, kwa hiyo njia inagharimu kupita chumvi yenyewe. Sabuni, sukari, daftari za watoto, misumari, mabati: hesabu ni ile ile. Simenti, hakuna hata haja ya kueleza. Shule ya matofali inayojengwa ndani ya Shabunda imelipa ndege kwa kila gunia.

Tazama sasa upande wa kurudi. Wilaya ya Shabunda ina kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Iko karibu sawa na inchi nzima ya Rwanda. Udongo wake unatoa mupunga, karanga, ndizi, mihogo, na mafuta ya ngazi ambayo Bukavu inayahitaji kila siku. Bidon ya lita 20 ya mafuta ya ngazi ina uzito wa karibu kilo 18. Ukiilipia nafasi ya ndege kwa kila kilo, ikifika Bukavu haina muteja, kwa sababu mafuta ya sehemu zenye barabara yamekwisha kufika kwa bei ya chini. Lakini zahabu! Kilo moja ya zahabu inalala ndani ya mufuko wa suruali, na ndege haiihesabu hata kama muzigo. Kasiterite ni nzito, lakini bei yake inavumilia ndege. Kutoka Lulingu, ndani ya wilaya hiyo hiyo, njia ya hewa njo imekuwa njia ya madini kwa miaka na miaka.

Mulimaji wa Shabunda hakuhitaji mwalimu wa uchumi amweleze. Muda na bei ya ndege vimemwambia: kinachopandwa hakitoki, kinachochimbwa kinatoka. Wakati mashine za kufyonza muchanga zilipojaa kwenye mto Ulindi, miaka ya 2013 na kuendelea, watu wengi walilaumu vijana kwa kuacha mashamba na kukimbilia mutoni. Wachache waliuliza hayo mashamba yangeuza mavuno yao wapi. Pale ambapo safari ya muzigo inahesabiwa kwa kilo, shamba limeshindwa mbele ya mbegu kuingia udongoni. Vikundi vyenye silaha navyo vinajua hesabu hiyo: anayesimama kwenye shimo ao kwenye kiwanja cha ndege anakata kodi bila kutembea porini.

Kuna wengine wanaosema Shabunda ingetumia barabara. Barabara iko kwenye ramani: toka Bukavu, unapita Walungu, Burhale, Kigulube, mpaka Shabunda, zaidi ya kilomita 300. Mara mbili ya mustari wa ndege, na hiyo si ya kushangaza, milima na mito inaipindapinda. Kilomita si shida. Wazee wanakumbuka lori zikifika, na wakati wa makantonye, wale watu wa kila kijiji waliokuwa wanafyeka kandokando na kuondoa maji barabarani. Kazi hiyo ilipokufa, maji yalichukua nafasi yake. Siku hizi ni potopoto inayomeza moto mpaka kwenye kiti, madaraja ya miti ambayo kila moja lina mwenyewe anayelipisha, na vizuizi vya watu wenye silaha wenye majina tofauti lakini mukono mumoja. Wale wa moto wanaofanya njia hiyo wanabeba kamba, vipuri, na pesa ndogondogo za vizuizi. Mugonjwa hawezi kubebwa hivyo, ao akibebwa, ni kwa tumaini tu.

Hata mahali kuko lami, ndege inaweza kuitumikia vingine. Wilayani Walikale, ndani ya Kivu Kaskazini, watu hawajasahau ndege zilivyokuwa zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, kupakia kasiterite ya Bisie. Barabara iliyojengwa ili watu waache kutegemea ndege ikageuka kuwa kiwanja cha ndege. Mutu akitaka kueleza mugeni namna gani usafiri wa mashariki ya Kongo unatembea, Kilambo inatosha.

Mwezi wa pili wa 2025

Mpaka hapo, kwa taabu yote, safari ilikuwako. Ilikuwa na bei, ilikuwa na hatari, lakini mutu aliweza kusema "nitaenda". Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Tarehe 14 mwezi wa pili ikachukua uwanja wa Kavumu, na siku hizo hizo muji wa Bukavu. Ndege za abiria na za biashara zikaacha kuruka pale. MONUSCO, ambayo kwa miaka mingi helikopta zake zilikuwa zinafika ndani ya mapori, ilikuwa imekwisha kufunga kazi zake Kivu Kusini mwezi wa 6 wa 2024.

Ile 168 haikubadilika. Lakini upande mumoja wa mustari ulikatika, na mustari wenye mwisho mumoja si safari.

Inafaa kutazama kile kinachobaki, kwa hesabu tu, ili ukubwa wa jambo uonekane. Mutu wa Bukavu anayetaka kufika Shabunda kwa ndege, bila kupita vizuizi vya porini, anavuka Rusizi na kuchukua basi mpaka Kigali, zaidi ya kilomita 200. Kutoka Kigali hawezi kuruka moja kwa moja mpaka Kinshasa kwa ndege ya Rwanda, kwa sababu tangu mwezi wa pili 2025 Kongo imefungia anga lake ndege za Rwanda. Kwa hiyo anapita Nairobi: kilomita 760. Nairobi mpaka Kinshasa: karibu 2,400. Kinshasa mpaka Kindu: karibu 1,175. Kindu mpaka Shabunda, kama akibahatika kupata ndege ndogo: 160. Jumla ni karibu kilomita 4,500 za hewani. Amevuka Afrika ya kati kwenda na kurudi, amebadilisha saa yake mara kadhaa (Kinshasa iko nyuma ya Kivu kwa saa moja, Nairobi iko mbele kwa saa moja), amelipa viza ao karatasi za mupaka, ili afike mahali ambapo siku ya anga safi rubani angefika mbele ya kahawa kupoa. Ni mara 27 ya umbali wa kweli. Kwa nauli hiyo, mutu wa kawaida hajaribu hata kuuliza.

Kwa hiyo anabaki, ao anapanda moto. Na kwenye moto, zaidi ya potopoto, kuko sasa mustari wa vita: anatoka sehemu iliyo mukononi mwa AFC/M23 na kuingia sehemu ya serikali na ya Wazalendo. Kila upande unamuuliza anatoka wapi, anaenda kwa nani, ndani ya muzigo kuko nini. Muchuruzi anayebeba dawa za duka la dawa anaweza kuonekana kama anayepelekea adui dawa. Hiyo ni gharama ambayo hakuna programu inayoiandika.

Watu wa Goma na Beni wanajua hadithi kama hiyo, kwa umbo lingine. Kati ya Goma na Mavivi, uwanja wa Beni, kuko kilomita 250 za hewani. Ndege ndogo ilikuwa inazimaliza chini ya saa moja. Uwanja wa Goma ulipofungwa, wasafiri wengi wakaanza kuzunguka kwa basi kupitia Uganda, wakitoka mupaka wa Bunagana na kurudi Kongo kupitia Kasindi. Tofauti ni kwamba Beni ina njia ya kuzunguka. Ni ndefu, ni ya kuchosha, lakini ina lami, hoteli na basi zenye ratiba. Shabunda haina mupaka na inchi yoyote. Imezungukwa na pori pande zote, na pori halina basi.

Wengine wanatazama upande wa Maniema, na ramani inawapa haki. Kavumu iko kilomita 168 mashariki ya Shabunda. Kindu iko karibu 160 magharibi. Shabunda iko katikati kabisa, kama mutu aliyesimama kati ya nyumba mbili. Kwa rubani, kwenda Kindu ni rahisi zaidi: hakuna Kahuzi njiani, na Kindu iko chini, karibu na urefu wa Shabunda. Kindu ina uwanja wenye lami, ina mto Kongo na ina gari la moshi linaloteremka mpaka Katanga siku linapotembea. Kwa nini basi macho ya Shabunda yalikuwa daima Bukavu?

Kwa sababu watu hawasafiri kwa kilomita. Wanasafiri kwenda mahali kuko ndugu, soko, benki, chuo kikuu, hospitali kubwa, na ofisi ya jimbo inayotia muhuri. Hivyo vyote, kwa Shabunda, viko Bukavu. Mwalimu ambaye karatasi zake za mushahara ziko Bukavu hasaidiwi na Kindu. Muuguzi anayetuma damu ipimwe anajua laboratware ya Bukavu. Mwaka wa 2025 serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na hiyo inaweka Shabunda kilomita karibu 215 kutoka ofisi zake kwa mustari wa hewa. Mwezi wa 12 vita ikafika Uvira nako. Kila mara makao ya utawala yanapohama, hakuna anayetangaza kwa wakaaji wa ndani namna gani watafika pale yanapohamia.

Mukazo wa kuangalia upande wa Kindu una faida, lakini hautoshi ukiwa wa wachuruzi peke yao. Kama jimbo lingetaka, mambo madogo yangeweza kufanyika kutoka Maniema hata wakati Kavumu imefungwa: chanjo kupitia Kindu badala ya kungojea Bukavu, karatasi za Exetat vilevile, na makubaliano kati ya hospitali ya Shabunda na zile za Kindu kuhusu wagonjwa wa kupasuliwa. Hayo hayangojei amani wala pesa ya benki ya dunia. Yanangojea majimbo mawili yaandikiane barua.

Kwenye meza za mazungumzo, viwanja vya ndege vinatajwa. Tarehe 30 mwezi wa 10, 2025, kule Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada ndani ya wiki chache. AFC/M23 ikajibu kwamba haikuulizwa, na kwamba uamuzi huo haufanani na hali iliyoko. Mabishano yakawa juu ya Goma: nani anafungua, nani anasimamia, ndege gani zinatua. Ni haki, Goma njo mulango. Lakini majina ya viwanja vidogo, Shabunda, Lulingu, Namoya, Kalima, hayasikiki kwenye mabishano hayo, na bila hivyo mulango unafunguka kwenye chumba kimoja tu. Muzigo wa misaada ukifika Goma ao Kavumu na kukosa ndege ya pili, umefika kwa wale ambao walikuwa tayari karibu.

Na kuko jambo lingine ambalo vita haikulileta. Tangu 2009 abiria wa Kongo wanalipa Go-Pass, ambayo ilielezwa kuwa pesa ya kutengeneza viwanja vya ndege. Miaka ya amani kidogo, Kavumu ikiwa wazi, viwanja vya udongo vya Kivu Kusini vilibaki vya udongo. Mutu anayesema kwamba 2025 njo iliyotenga Shabunda anasema nusu ya ukweli. Mwaka huo ulikata kamba moja iliyobaki. Zingine zilikuwa zimeoza kitambo, na hakuna aliyeitwa kuzijibu.

Siku Kavumu itafunguliwa tena kwa ndege ndogo, hazitaruka kesho yake. Mafuta ya ndege yatapaswa kufika, watu wa munara wa kuongoza ndege warudi, bima zikubali, na ndege zilizohamishiwa kazi sehemu zingine zipate sababu ya kurudi Kivu. Na upande wa pili wa zile kilomita 168, mutu atapaswa kutembea juu ya kiwanja cha Shabunda toka mwanzo mpaka mwisho, kutazama mashimo ya mvua na kupima majani. Kiwanja cha udongo ambacho ndege hazikikanyagi kinaanza kurudi pori, na huko mvua inanyesha karibu mwaka muzima. Kukifyeka kunahitaji panga, vijana hamsini na chakula chao cha siku chache. Bado haijaulizwa ni ofisi gani itawalipa.